Rudi Kijiweni

Wewe uliyewahi kutembea na panga chini ya shati, makala hii ni yako. Ulijua geti lipi mtaani lina komeo bovu. Ulijua doria inapita saa ngapi na inakata kona wapi. Pengine uliwahi kumtuma mtoto wa darasa la saba apeleke kete, ukampa mia tano ya soda. Kisha siku moja ukaacha. Ulifungwa, au ulimzika mwenzako, au mama alilia mpaka akaishiwa sauti. Sababu zako unazijua mwenyewe. Umeacha, na tangu hapo umejificha. Kijiwe cha zamani unakikwepa, unazungukia barabara ya nyuma. Unaomba Tanga ikusahau, uwe mtu kama watu.

Mimi nakuomba kitu kigumu zaidi. Rudi kijiweni. Iko kazi pale ambayo mkuu wa mkoa haiwezi, mwalimu haiwezi, na hata mimi ninayeandika siiwezi. Unaiweza wewe.

Wengi hudhani damu mitaani humwagika ghafla. Fikiria usiku wa shughuli Ngamiani, kule ambako barabara zina namba badala ya majina. Muziki uko juu, vijana wamejaa mpaka njiani. Mmoja anamkanyaga mwenzake raba mpya, wanasukumana, anachapwa kibao mbele ya wasichana. Anaondoka. Ni saa nne. Anafika maskani, anasimulia, na kila akisimulia kibao kinazidi uzito. Anatokea wa kumwambia, "Kaka, umedharauliwa, na umekaa?" Saa tano mtu keshatumwa kwa muuza madafu kuazima panga. Saa sita simu inaita: jamaa bado yupo kwenye muziki, na wenzake wameondoka. Saa saba wanainuka.

Kati ya kibao na panga zimepita saa tatu nzima. Nani alikuwepo ndani ya saa hizo? Polisi hawakuwepo, kwa kuwa kosa la kuripoti lilikuwa bado. Mjumbe amelala. Mama anajua mwanawe yuko kwenye muziki, atarudi. Imamu atapata habari alfajiri, watu wakija kuchukua jeneza. Lakini wewe, ambaye bado una namba za simu za nusu ya maskani ile, ungejua saa nne na robo. Ungeijua sauti ya anayetamba tu na sauti ya anayekwenda kweli. Na ungekuwa na neno ambalo sisi wengine tukilisema tunachekwa: "Dogo, mimi nilikwenda usiku kama huu. Kaa nikwambie nilirudi na nini."

Saa tatu hizo ndizo kazi yenyewe. Na kuna mahali duniani watu wa aina yako wanalipwa mshahara kuifanya.

Daktari mmoja Mmarekani, Gary Slutkin, bingwa wa magonjwa ya kuambukiza, aliifikia kazi hiyo kwa njia ndefu iliyopitia kwetu Afrika Mashariki. Miaka ya 1980 alikuwa Somalia kwenye kambi za wakimbizi, akipambana na kifua kikuu na kipindupindu. Baadaye, akiwa na Shirika la Afya Duniani, alifanya kazi ya ukimwi katika nchi kadhaa, Uganda ikiwemo. Kambini madaktari walihesabika kwa vidole na wakimbizi walikuwa maelfu kwa maelfu, kwa hiyo wahudumu wa afya walitafutwa miongoni mwa wakimbizi wenyewe, watu wanaoingia hemani na kusikilizwa. Aliporudi Chicago miaka ya 1990 alikuta vijana wanauana kwa risasi. Akatazama ramani za mauaji, akaona anachokifahamu: kifo kimoja huzaa kingine mtaa wa pili, kama kipindupindu kinavyotoka kisima kimoja kwenda kingine. Mwaka 2000 akaanza mpango katika eneo la West Garfield Park, na mwaka 2004 wakaongeza kikosi chenye kazi moja tu, kuingia kati kabla ya risasi. Walioajiriwa kikosini walitoka kwenye magenge ya mitaa hiyohiyo, wengine wakiwa wamemaliza vifungo virefu.

Wizara ya Sheria ya Marekani iligharimia uchunguzi wa mpango huo katika maeneo saba. Katika manne, ufyatuaji risasi ulishuka kwa asilimia 16 hadi 28, na wachunguzi wakasema ni kwa sababu ya kazi ya watu wale. Matatu hayakutoa jibu kama hilo, na nalisema hapa ili usije ukaahidiwa muujiza. Asilimia 16 ni vijana walio hai, wenye majina, wanaokula chakula cha usiku kwao.

Mmoja wa watu wa kikosi kile alikuwa mwanamke. Filamu ya The Interrupters ya mwaka 2011 inamwonyesha Ameena Matthews, binti wa Jeff Fort, aliyekuwa kiongozi wa genge kubwa Chicago. Yuko ndani ya hijabu yake, anasimama katikati ya wanaume waliopandwa na hasira na kuwashusha kwa maneno. Kwa hiyo dada uliyekuwa ukificha silaha za kaka zako uvunguni, nawe usijitoe. Unajua mengi kuliko wao.

Usiniambie huko ni Marekani. Njoo Nairobi. Pale Korogocho, jirani na jalala la Dandora, mwaka 2017 vijana waliokuwa wakiishi kwa uhalifu, waliochoka kuwazika wenzao waliopigwa risasi, walianza kusafisha kingo za Mto Nairobi. Wakajiita Komb Green Solutions. Waliondoa taka kwa mikono na majembe, wakapanda miti, wakageuza kingo hizo kuwa bustani ya kila mtu, watoto wakapata pa kuchezea. Nawapenda kwa jambo moja hasa: hawakwenda kujisafisha mahali wasikojulikana. Walisimama palepale walipokuwa wakikaba watu, jua linawaka, wakashika reki mbele ya majirani waliowahi kuwaogopa.

Au vuka Horohoro uende Mombasa. Desemba 2016 serikali ya Kenya ilipiga marufuku magenge 90 kwa mkupuo mmoja, yakiwemo Gaza, Wakali Kwanza na Wakali Wao, majina ambayo mzazi wa Kisauni akiyasikia anahesabu watoto wake. Tangazo lilitoka, magenge yakaharamishwa, na Kisauni iliendelea kukatwa mapanga miaka iliyofuata. Marufuku ina nafasi yake, sibishi. Ila tangazo haliwezi kukaa maskani saa sita usiku.

Na sisi Tanga tusijifanye wageni wa haya. Februari 2015 tulisikia milio ya risasi kutoka Amboni, polisi na wanajeshi wakipambana na kundi lenye silaha lililojificha mapangoni, na askari mmoja wa JWTZ akapoteza maisha. Usiku wa kuamkia Mei 31, 2016, watu wanane walichinjwa Kibatini, kata ya Mzizima. Wanane, usiku mmoja, ndani ya mji unaojivunia utulivu wake. Dar es Salaam nako wamepitia Panya Road, hofu ya Januari 2015 na kisha 2022 tena, watoto wadogo kabisa wenye mapanga. Kila mara tulifanya tulichozoea. Operesheni, kamatakamata, hotuba, kisha kimya. Tunasema za mwizi ni arobaini, tunaketi kusubiri ya arobaini. Nani kati yetu aliyewahi kumfuata huyo kijana siku ya tatu, au ya saba, akiwa bado anakwapua simu tu?

Sasa nije kwenye swali ambalo najua liko kooni kwako. Utaitwa mchomaji. Kijiweni watasema umetumwa, na kituoni watasema bado u walewale, unajifanya. Umebanwa huku na huku, na katika kubanwa huko watu wema wengi wameamua kukaa nyumbani. Siwalaumu. Lakini kuna namna ya kusimama.

Sema sheria yako mapema, mchana kweupe, kwa pande zote mbili, na uiseme kwa maneno yaleyale. Kijiweni waambie: nimekuja kuzuia lisitokee, sikuja kuchukua majina. Nenda kwa polisi kata, ukiwa na mwenyekiti wa mtaa na mzee mmoja anayeheshimika, uwaambie vilevile: lililokwisha kutokea ni lenu na mahakama, mimi nashughulika na la kesho. Msiniulize nani aliiba, na mimi sitawaomba mumwachie mtu. Chicago walishika mpaka huo kwa makini, maana siku mtu wa kati akionekana anapeleka habari kituoni, simu yake haiiti tena, na panga linaondoka maskani yeye hajui. Ipo hali moja ya kuvunja sheria hiyo, nayo uitangaze tangu mwanzo: ukishindwa kabisa na unaona roho ya mtu inakwenda, utapiga 112. Wajue kabla. Atakayekuchukia kwa hilo atakuwa amechukia kuokolewa asiwe muuaji.

Kwa polisi nina ombi, kwa heshima. Mpeni nafasi mtu huyo wa kati. Mkimkuta saa saba usiku amekaa na vijana mnaowatafuta, kumbukeni alikwisha kuwaambia kwamba huko ndiko kazini kwake. Mkimbeba kwenye gari pamoja nao mbele ya watu, au mkimsalimia kwa bashasha iliyozidi, yote mawili yatammaliza.

Ipo kazi nyingine inayokusubiri, na hii ni ya mchana. Mtu amepiga kelele "Mwizi!" na mtaa mzima umetoka na mawe. Gazeti la kesho litaandika "wananchi wenye hasira kali" na hakuna atakayeulizwa. Unamjua yule aliye chini, ulikuwa yeye. Pita katikati, mfunike na mwili wako ikibidi, paza sauti umwite kwa jina lake na jina la mama yake. Mkono wenye jiwe husita mtu akitajiwa mama wa mtu. Muda wa kusita huo ndio wa kumburuta hadi ofisi ya serikali ya mtaa na kumfungia ndani mpaka polisi wafike. Wananchi wenye hasira nao ni genge, kwa saa moja. Ni watu wazuri, wanaswali, wanasomesha, na wakimuua mtoto wa watu saa tisa mchana wanarudi kuuza nyanya. Vijana wanaoshuhudia wanajifunza nini? Kwamba roho ya mtu ina bei ya simu.

Na usijidanganye kuwa utazungumza na kijana wa leo ukaacha kuzungumza na unga. Wengi wanaokaba wanakimbia arosto. Wanataka kete ya asubuhi, na aliyekutana nao njiani ndiye anayelipa. Hapa tunao mfano wa nyumbani, wa kutia moyo kuliko wote. Mwaka 2009 Zanzibar walifungua soba hausi yao ya kwanza, na walioisimamisha ni watu waliokuwa wametumia wenyewe, walioijua arosto kwa mifupa yao. Februari 2011 Muhimbili ikaanza kutoa methadoni, na leo Hospitali ya Bombo, hapahapa Tanga, nayo inatoa. Ukiwauliza wanaopata nafuu nani aliwafikisha, mara nyingi hawamtaji daktari kwanza. Wanamtaja teja mwenzao aliyeacha, aliyewafuata gheto akakaa nao sakafuni, akawaambia "nami nilikuwa hapahapa", akawapeleka Bombo kwa miguu asubuhi iliyofuata. Na keshokutwa akawafuata tena. Tumekubali kwamba aliyetoka kwenye unga ndiye wa kumtoa mwenzake kwenye unga. Mbona kwenye panga tunasita?

Unaanzaje? Leo usiku, baada ya isha, nenda ukakae. Usiende na hotuba, wala kanzu mpya, wala kamera ya simu. Hukwenda kuwa mfano bora, watakucheka na watakuwa na haki. Nunua kahawa na kashata, sikiliza. Uliza nani anamdai nani, nani kamtongozea nani mchumba, nani katoka jela na ana kinyongo. Ukisikia jina linarudiwarudiwa kwa hasira, hapo ndipo pa kurudi kesho. Mtenge mwenye hasira na wenzake, mpeleke mkale chips, mtembeze mpaka ufukweni Raskazone, mcheleweshe. Hasira ya saa sita ukiifikisha saa kumi imechoka. Asubuhi mfuate wa upande wa pili. Tafuta mzee wa kila upande. Na usiwe peke yako: wawe wawili au watatu walioacha kama wewe, ili siku majaribu yakikupata, maana yatakupata, awepo wa kukukalia wewe pia.

Sasa naziomba ofisi za mitaa zinisikilize. Ninyi wenyeviti mliochaguliwa Novemba 27, 2024, na ninyi watendaji. Kijana akitoka gerezani akija kuomba barua ya utambulisho, mara ngapi tumemwambia njoo kesho, hadi kesho ikawa mwezi? Karatasi ile moja ndiyo kila kitu kwake. Bila barua hapati kitambulisho, haingii kwenye kikundi, hapewi pikipiki ya mkataba. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hiyo asilimia 4 ni ya vijana. Kikundi cha watu walioacha uhalifu, chenye katiba yake na akaunti yake, kina haki ya kupanga foleni pale kama kikundi chochote. Mwandikieni barua. Wekeni mhuri. Kama unamhofia, ungana na jirani yake mwandike wote wawili, lakini barua itoke leo.

Na kazi ya kuzuia damu ilipwe. Hili nalisisitiza kwa sababu Tanga tulikwisha kuliona likienda mrama baharini. Miaka ya 1990 baruti za uvuvi zilikuwa zikilia na kuvunja matumbawe yetu kila uchao. Mwaka 1994 ukaanza mpango wa hifadhi ya pwani ya Tanga, ukisaidiwa na shirika la uhifadhi la IUCN, na busara yake kubwa ilikuwa kuwaita wavuvi wenyewe mezani, wakapanga maeneo ya kufunga na wanavijiji wakaingia kwenye doria. Milio ikapungua sana. Mpango ulipokuja kuishiwa nguvu, baruti zikarudi. Watu hawakuwa wamebadilika kuwa wabaya. Mafuta ya boti yalikwisha, na anayelinda naye ana watoto. Tusimfanyie hivyo huyu tunayemtuma maskani usiku. Wafanyabiashara wa soko la Mgandini, wenye mabasi, wenye maghala bandarini, usiku ukitulia mnaofaidika wa kwanza ni ninyi. Changeni. Mlipeni nauli, vocha na posho ya kufaa, na aliyesomesha watoto wake kwa kazi hiyo mwaka huu aikute na mwaka ujao.

Misikiti na makanisa mna jambo lenu. Akija Ijumaa au Jumapili, msimsimamishe mbele atoe ushuhuda kila wiki kama kitu cha maonyesho. Mpeni kazi ya kawaida. Afagie, ashike funguo za stoo, apokee viatu mlangoni. Mtu akikabidhiwa funguo anajua ameaminiwa.

Kisha iko tarehe. Desemba 9 kila mwaka ni Siku ya Uhuru, na kama ilivyo kwa Aprili 26, ni desturi Rais kutoa msamaha kwa wafungwa. Gereza la Maweni linakuwa na watu wanaotoka. Wanatoka na mfuko wa plastiki na nauli, kama ipo. Nje ya geti, wa kwanza kumpokea akiwa genge la zamani, wenye sigara, pesa na mahali pa kulala, mchezo umekwisha kabla ya magharibi. Wewe ulitoka geti lile. Unakumbuka ulisimama upande gani wa barabara na ulitazama nani.

Basi safari hii tuwawahi. Mwenyekiti wa mtaa aulize mapema nani wa mtaa wake yumo kwenye orodha. Mtendaji aandae barua zikiwa zimegongwa mhuri. Akina mama wa vikoba wapike. Bodaboda wawili watatu wajitolee mafuta. Nawe uliyeacha panga uwe mbele kabisa, umwite kwa jina lake, umpandishe nyuma ya pikipiki, umuulize atalala wapi usiku wa leo na usikubali jibu la "popote". Siku inajulikana, geti linajulikana. Nendeni mkampokee.